Ekografi ya wiki ya 21: mstari uliokutisha na mstari ulioupita

Swali: Jambo, Dokta. Nina miaka 29, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mimba hii ni ya pili, ina wiki 21. Mtoto wangu mkubwa ana miaka minne, nilimzaa salama kwenye kituo cha afya. Wiki iliyopita nilipima ekografi. Wameandika kwamba mtoto ana kisti mbili kichwani, za pleksi koroidi, moja milimita 4 na nyingine 5. Wameandika tena kwamba kondo la nyuma limekaa chini na limefunika mlango wa kizazi. Sikuelezwa neno, nilipewa karatasi tu nikaenda zangu. Jirani aliyezaliwa kwao mtoto wa kichwa kikubwa ananiambia: "Ile ni mayi mu kichwa, huyo mutoto hatatembea." Mama mkwe anasema bwana yangu ndiye aliyeleta sumu kutoka karyeri, maana anachimba, na kwamba tuache mambo ya hospitali twende kwenye maombi. Je, mtoto wangu ni mlemavu? Nipime kile kipimo cha sindano ya tumboni? Na ninaweza kwenda kuzaa kwa mama yangu Kasenga kama nilivyopanga? Nakutumia picha za karatasi zote, pamoja na ya maabara.

Jibu: Mama wa Katuba, jambo. Karatasi zako zote tatu nimezisoma, nikazirudia. Mtoto wako hana maji kichwani. Naanza na hilo ili upumue kwanza, halafu tuzisome pamoja, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo lililonifanya nikujibu leo hii badala ya kungoja zamu yako ifike.

Twende kwenye hizo kisti. Ndani ya ubongo kuna vyumba viwili vya pembeni vyenye maji, na katika kila chumba kuna kitambaa laini cha mishipa midogo kinachotengeneza maji hayo. Kitambaa hicho ndicho pleksi koroidi. Wewe unacho, mimi ninacho, jirani yako pia anacho. Mimba ikiwa na wiki 20 hivi, vitambaa hivyo ni vikubwa kuliko utakavyodhani: ukiviangalia kwenye skrini, viwili pamoja vinafanana na mabawa ya kipepeo, meupe, yamejaza sehemu kubwa ya kichwa. Wakati mwingine tone la maji linanaswa katikati ya nyuzi za kitambaa. Kwenye skrini tone hilo linaonekana kama kitundu cheusi kwenye bawa jeupe. Ndiyo kisti yenyewe. Jina lake linatisha kuliko mwili wake: milimita 5 haifiki punje ya mchele.

Katika kila mimba 100, moja au mbili zikipimwa majira haya zinaonyesha kitundu cha namna hiyo. Karibu zote zinapotea zenyewe kabla ya wiki ya 28, bila dawa, bila upasuaji. Na hazikai kwenye sehemu ya ubongo inayofikiri, wala ile inayonyanyua mguu. Mtoto aliyekuwa nazo, kama hana jambo lingine, anakaa, anatambaa na kutembea kama wenzake.

Maji kichwani ni habari nyingine kabisa, na hupimwa kwa njia nyingine. Hatuhesabu vitundu, tunapima upana wa kile chumba chenyewe. Chini ya milimita 10 ni kawaida. Tazama ukurasa wa pili wa karatasi yako, katikati: wameandika 7. Jirani yako anaweza kuwa anasema kwa huruma, na kilio cha mtoto wa kwao ni cha kweli, lakini ameuona ugonjwa wa mtu mwingine kwenye karatasi yako.

Utaniuliza: kama kisti si kitu, mbona wameiandika? Ni kwa sababu kuna ugonjwa adimu unaoitwa trisomi 18, ambamo mtoto anabeba nakala tatu za kromosomu (vifurushi vinavyobeba urithi) namba 18 badala ya mbili. Kati ya theluthi moja na nusu ya watoto hao wana kisti hizi. Ila kwao kisti haiji peke yake. Inakuja na moyo wenye kasoro, vidole vilivyokunjwa na kupandana kama ngumi isiyofunguka, nyayo zilizopinda, mwili mdogo kuliko umri. Kwa hiyo mpimaji akiona kisti, kazi yake ni kuzunguka mwili mzima kuyatafuta hayo mengine. Wako amezunguka, na ameandika vizuri kuliko alivyoongea: vyumba vinne vya moyo vipo, uti wa mgongo umefungwa, mikono imeonekana ikiwa wazi, mfupa wa paja unalingana na tarehe. Kisti iliyo peke yake, kwa mama wa miaka 29, sisi tunaiandika kisha tunaendelea na kazi. Kosa ni kuiandika halafu kumwacha mama aende nayo nyumbani bila neno. Hapo nawalaumu wenzangu, na mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo siku zenye foleni ndefu.

Hiyo sindano ya tumboni basi? Kipimo chenyewe kipo: sindano nyembamba inapita tumboni kwa kuongozwa na ekografi, inavuta maji kidogo yanayomzunguka mtoto, na kromosomu zinahesabiwa. Hufanywa kuanzia wiki ya 15. Jibu lake ni la uhakika, lakini kuna hatari ndogo ya mimba kutoka, chini ya 1 kwa 100, na kwa mwanamke wa grupu lako la damu kuna tatizo la ziada nitakalolieleza hapa chini. Ningekushauri ukifanye kama moyo au mikono ya mtoto ingekuwa na kasoro. Kwa kisti hizi mbili peke yake, hapana. Kuna watu watakuambia pia habari za kipimo cha damu ya mama kinachopelekwa ng'ambo kutafuta kromosomu za mtoto. Ni kipimo kizuri, lakini kinachuja tu, hakikati hukumu, na bei yake utaihitaji kwa kitu kingine kabla mimba haijaisha. Kitu hicho tutakifikia.

Sasa karyeri. Mama mkwe hakuzusha tu, na sipendi tumcheke. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Lubumbashi na watafiti wa Chuo Kikuu chetu pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana na watoto 108 wasio nazo. Jambo lililojitokeza wazi kuliko mengine yote ni baba kufanya kazi inayohusu migodi. Hiyo ni habari nzito kwa mji kama wetu, na mwanaume anayechimba anastahili kuijua.

Lakini soma vizuri walichokitazama: watoto waliozaliwa na kasoro ya mwili, si vitundu vya maji vinavyopotea kabla ya mtoto kuzaliwa. Hakuna anayeweza kuchukua utafiti ule akamwambia bwana yako kwamba kisti hizi ni zake. Kinachowezekana, na ambacho naomba mkianze leo, ni kuzuia vumbi lisiingie nyumbani. Avue nguo na viatu vya kazi nje ya mlango, aoge kabla ya kumbeba mtoto mkubwa, nguo zile zifuliwe peke yake, na asizifue mwenye mimba. Mifuko ya mawe isilale chumbani. Nimeshaingia nyumba ambamo mfuko wa madini ulikuwa ndiyo kiti cha wageni.

Na maombi: nendeni. Sijawahi kumkataza mama kwenda kuomba. Ninachokataa ni lile neno "tuache hospitali", na sasa nakueleza kwa nini.

Chukua karatasi ya maabara, ile ndogo yenye muhuri wa bluu. Chini kabisa, baada ya sukari na mkojo, kuna maneno mawili: "O négatif", yaani grupu la damu O hasi. Hukuyataja kwenye swali lako. Aliyekupa karatasi naye inaonekana aliyapita. Mstari wa juu yake unasema hemoglobini, yaani kiwango cha damu, 10.1. Ukiichanganya mistari hiyo miwili na kondo la nyuma lililofunika mlango, unapata kitu ambacho mimi nakiogopa kuliko kisti kumi.

Tuanze na hiyo hasi. Juu ya chembe nyekundu za damu za watu wengi kuna alama inayoitwa rezusi D. Aliye nayo ni chanya, asiye nayo ni hasi. Wewe huna. Bwana yako akiwa nayo, mtoto anaweza kuirithi kwake. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki siku za kawaida, ila siku ya kuzaa, au mama akitokwa damu, au akichomwa sindano ya tumboni, matone ya mtoto yanavuka. Mwili wako unayaona kama mgeni asiyekaribishwa na unaandaa askari. Mtoto wa kwanza hadhuriki, kwa sababu askari wanaandaliwa yeye akiwa ameshatoka. Ndiyo maana mkubwa wako yuko mzima, na ndiyo maana watu wanadhani hakuna tatizo. Wanaoumia ni wa pili, wa tatu na wanaofuata: askari wale wanavuka kondo la nyuma na kuvunja damu ya mtoto akiwa bado tumboni. Mimba za namna hii zilizofia tumboni moja baada ya nyingine, zamani zilipewa sababu nyingi, na mara nyingi sababu hiyo ilikuwa mwanamke fulani mzee wa mtaani aliyesingiziwa bure.

Dawa ya kuzuia ipo tangu mwaka 1968: sindano ya anti-D, ambayo inafuta zile chembe za mtoto kabla mwili wako haujaziona. Hupigwa kwenye wiki ya 28, tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa kama mtoto ni chanya, na kila mara mama mwenye mimba akitokwa damu. Unasema mkubwa ulimzaa kituo cha afya. Je, ulipigwa sindano yoyote kwa ajili ya grupu la damu kabla hujarudi nyumbani? Kama hukumbuki, nachukulia kwamba hukupigwa. Wanawake walioachwa bila sindano baada ya kuzaa mtoto chanya, karibu mmoja kati ya sita hujenga askari. Maana yake watano hawajengi, na huenda wewe ni miongoni mwa hao watano. Lakini hatubahatishi wakati kipimo kipo.

Kipimo hicho kinaitwa Kumsi isiyo ya moja kwa moja; maabara wataandika "Coombs indirect" na watakuelewa. Ni damu ya mkononi tu. Kifanye wiki hii. Siku hiyo hiyo bwana yako naye apime grupu lake, hata kama anasema alishapimwa jeshini au shuleni. Tunataka karatasi, kumbukumbu tu haitoshi. Akiwa hasi kama wewe, mtoto atakuwa hasi, na sura hii inafungwa hapo. Akiwa chanya na Kumsi yako haina askari, unapanga sindano ya wiki ya 28. Kumsi ikionyesha askari, sindano haitasaidia tena, na itabidi mtoto afuatwe na daktari anayejua kupima kwa ekografi kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo, kwa sababu mtoto anayepungukiwa damu, damu yake hukimbia kuliko kawaida. Hata hapo bado kuna la kufanya, lakini halifanywi na mtu aliyekimbilia mbali.

Sindano hiyo ni ghali, na ndiyo pesa niliyokuambia uihifadhi. Tena inataka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Usiinunue kwa anayeitoa mfukoni, wala kwenye famasia ambayo friji yake inalala kila umeme unapokatika. Iagize mapema, uliza wanaiwekaje, na ichukuliwe siku ile ile ya kupigwa.

Sasa kondo la nyuma. Hili nalo lina upande wa kutuliza. Wiki ya 21 ni mapema, na wanawake wengi kondo lao linaonekana chini wakati huu. Kwa 9 kati ya 10 linakuwa limepanda kabla ya kuzaa. Halitembei kwa miguu. Fikiria kiraka kwenye tyubu ya baiskeli: ukipiga pampu, kiraka kinabaki palepale kilipogundishwa, ila raba ya pembeni inavutika na kiraka kinakuwa mbali na ulipokuwa ukikiona. Sehemu ya chini ya kizazi ndiyo inayovutika sana miezi ya mwisho. Pia, siku ile ulipimwa ukiwa umeshikilia mkojo? Kibofu kikijaa kinakandamiza kizazi na kulifanya kondo lionekane chini kuliko lilivyo. Kwako wameandika limefunika mlango, halikuishia pembeni, kwa hiyo nafasi ya kubaki ni kubwa kidogo. Lakini hukuwahi kupasuliwa, na hilo ni jema, kwa sababu kondo linalokaa juu ya kovu la sezarini ndilo linalotutoa jasho.

Rudia ekografi wiki ya 32. Omba ile ya kupitia ukeni, na usiiogope: kidude chake hakiingii kwenye mlango wa kizazi, na kinapima umbali kwa milimita. Ukingo wa kondo ukiwa umepita milimita 20 kutoka mlangoni, unazaa kwa njia ya kawaida. Likiwa bado limefunika, ni upasuaji uliopangwa, kabla uchungu haujaanza.

Hadi siku hiyo, mambo ya chumbani muyaache kidogo. Bwana yako ataelewa akielezwa sababu. Mkunga yeyote, hata mzoefu namna gani, asikuingize vidole kupima njia kabla hajaiona karatasi hii. Na damu ikitoka, hata kidogo, hata bila maumivu, usingoje asubuhi. Damu ya kondo lililo chini ina tabia hiyo: nyekundu ya kung'aa, haiumi, inakuja ukiwa unaosha vyombo, inakauka, kisha inarudi nyingi kuliko mara ya kwanza. Kwa vile wewe ni hasi, kila damu ni sababu ya kupigwa anti-D ndani ya saa 72. Waambie pale mapokezi, hata kama hawakukuuliza.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea usiku mama mwenye mambo mawili kama yako. Kondo lilikuwa linajulikana, grupu lilikuwa limeandikwa kwenye fishi, ile kadi ya kliniki. Hakuna aliyeyasoma pamoja. Bwana yake alipanda pikipiki na kisanduku cha barafu kwenye mapaja, akazunguka mji tangu saa tano za usiku akitafuta O hasi, na kila mahali alipofika alipewa namba ya simu ya mahali pengine. Mfuko wa kwanza ulifika saa kumi alfajiri. Mama alipona, kizazi hakikupona. Tangu usiku ule, nikiona O hasi kwenye karatasi ya mwenye mimba, swali langu la kwanza ni: ndugu zako wa tumbo moja wako wangapi?

Nakuuliza na wewe. O hasi hupewa damu ya O hasi tu, na katika nchi zetu watu wa namna hiyo ni wachache. Lakini baba na mama yako, kila mmoja, lazima wanabeba hiyo O na hiyo hasi, hata kama kwao hazionekani. Kwa hiyo ndugu uliochangia nao baba na mama wana nafasi ya kufanana na wewe kuliko mpita njia yeyote. Wapimwe grupu sasa, wakati hakuna haraka. Ukipata wawili, majina na namba za simu viandikwe kwenye jalada la fishi yako kwa kalamu nyekundu.

Na wewe mwenyewe uingie kwenye siku hiyo ukiwa na damu yako. Majira haya ya mimba, hemoglobini chini ya 10.5 ni upungufu, kwa hiyo dozi ya vidonge vya chuma inabidi iongezwe. Onyesha karatasi kwenye kliniki ya wajawazito waipange. Vimeze bila chai, maana chai inazuia chuma kupita. Malaria inavunja damu, kwa hiyo neti, na Fansidar kila ukipewa kliniki, mwezi ukishapita tangu dozi iliyotangulia. Ukiwa unaimeza Fansidar, usinunue vile vidonge vikubwa vya asidi ya foliki vya miligramu 5, vinapunguza nguvu yake; kile kidogo kilichochanganywa na chuma kinatosha. Na pemba, ule udongo wa kutafuna. Najua unaila, karibu kila mwenye mimba anayekaa mbele yangu ana kipande kwenye mkoba. Inashika chuma tumboni kisiingie mwilini, na udongo wa sokoni huwezi kujua umebeba nini. Sikuhukumu. Punguza leo, wiki ijayo upunguze tena.

Kumbe Kasenga nimeiacha mwisho. Hapana, mama, usipange kuzaa huko, hadi wiki ya 32 itakaposema kondo limepanda na Kumsi itakaposema hakuna askari. Zaidi ya kilomita 200 na mvua za msimu, ukitokwa damu njiani, dereva hawezi kukusaidia kitu. Mpigie mama yako apande yeye aje Katuba mapema, mwezi wa nane wa mimba, akae na mkubwa wako. Abebe samaki wa kukauka wa Luapula, wana chuma. Na ndugu zako wa tumbo moja, kama wako kule, wapime grupu kabla hajapanda gari, aje na karatasi zao.